Ratili Arobaini na Sita

Jumapili, 4 Mei

Leo nimeingia rasmi katika michezo. Nina miaka hamsini na nne, kitambi cha wastani na akili timamu. Sababu ya kuingia ni upinde. Sababu ya upinde ni mke wangu. Kuna sababu nyingine, ni kinyozi, lakini hiyo siiandiki.

Naiandika. Mama Pacha alifanyiwa upasuaji wa bega la kulia miezi saba iliyopita. Daktari wa mazoezi akamwambia atafute mchezo wa kulirudishia nguvu polepole. Mwenzangu akachagua kulenga shabaha kwa upinde! Siku tatu kwa wiki, saa kumi alasiri, katika ghala la zamani la magunia nyuma ya kiwanda cha sabuni. Nilidhani ataacha baada ya wiki moja. Sasa ni mwezi wa tatu. Anarudi nyumbani uso umenawiri, na kila sentensi yake ina kinyozi ndani. Kinyozi kasema hivi. Kinyozi kapiga katikati mara tano. Kinyozi ana mkono mtulivu.

Basi leo nikamsindikiza. Kinyozi ni mrefu, mpole, ana mikono isiyokwisha. Kaniamkia, shikamoo mzee. Mzee! Nimemzidi miaka sita tu. Nikaitikia marahaba kwa sauti nzito.

Mwalimu wao ni mama mwembamba mwenye miwani puani na miwani nyingine kichwani. Kaniuliza kama nimewahi kuvuta upinde. Nikamwambia mimi ni mkaguzi wa mizani, miaka ishirini na sita katika ofisi ya vipimo, hakuna uzito ninaouogopa. Akanipa upinde ulioandikwa 20. Nikatupa jicho ukutani, nikaona ulioandikwa 46. Nikauliza ni 46 ya nini. Akasema ni ratili, ndiyo nguvu inayotakiwa kuuvuta uzi mpaka kidevuni. Nikapiga hesabu papo hapo: ratili arobaini na sita ni kilo ishirini na moja hivi. Sanduku langu la mawe ya mizani lina kilo ishirini na tano, nalinyanyua kabla ya chai! Nikautaka huo. Mwalimu akasema kila mgeni anaanza chini. Nikamwambia mimi si mgeni wa uzito. Akavua miwani zote mbili, akaniangalia, akanipa.

Nikavuta. Uzi ukaja mpaka mbele ya pua, ukakataa. Mikono ikatetemeka, magoti nayo yakaona vibaya kubaki nyuma. Nikaachia. Uzi ukanichapa kigasha cha kushoto. Mshale ukapiga sakafu mita nne mbele yangu, ukateleza taratibu, ukasimama miguuni pa kinyozi. Akauokota, akanirudishia kwa mikono miwili.

Mama Pacha alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Viatu vyake havina kamba.

Jumatatu, 5 Mei

Kigasha rangi ya biringanya. Nimevaa mikono mirefu kazini. Muuza nyama ambaye nimekwenda kukagua mizani yake kaniuliza nimeumwa na nini. Nikamjibu kwamba ni mambo ya michezo. Akanitazama kitambi, akarudi kwenye nyama yake.

Asubuhi nilimfunga Mama Pacha zipu ya gauni, kama kawaida. Tangu apasuliwe hiyo ni kazi yangu. Zipu, vifungo vya mgongoni, na nywele pia. Nilijifunza kusuka. Mistari yangu haijanyooka, ila haifumuki. Pacha wetu wote wawili wameolewa mbali, kwa hiyo hakuna mwingine. Yeye husimama dirishani amenipa mgongo, ananieleza ratiba yake ya siku, nami navuta zipu polepole makusudi ili ratiba iishe. Dakika tatu. Nimezipima.

Leo kabla hajatoka aligusa kigasha changu juu ya shati, kidogo tu.

Nitaushinda upinde ule.

Jumanne, 6 Mei

Nimegundua ulaghai!

Nilikwenda ghalani na mizani ya ndoano ya ofisi, iliyokaguliwa na kupigwa mhuri. Nikanasa ndoano kwenye uzi wa ule upinde wa 46, kinyozi akanishikia mpini, nikavuta mpaka pale ninapofika mimi nikijitahidi sana. Sindano ikasimama kwenye 38. Thelathini na nane! Upungufu wa ratili nane! Kwa muuza unga hiyo ni kesi. Nikatangaza mbele ya watu kumi na wawili. Nikatoa fomu ya ukaguzi nikamtaka Mwalimu atie sahihi.

Hakukasirika. Alisema mizani yangu ni nzuri na upinde wake hauna kosa. Ile namba, akasema, ni uzito wa uzi ukivutwa inchi ishirini na nane. Ukivuta kidogo, unabeba kidogo. Ukizidisha, mzigo unazidi. Jiwe la kilo moja ni kilo moja mkononi mwa kila mtu, lakini upinde una uzito wake kwa kila mwenye kuuvuta. Kwa upinde huu kila inchi ni kama ratili mbili, na mimi nimevuta inchi ishirini na nne tu.

Nikauliza kwa nini mimi niishie ishirini na nne. Akachukua futi ya utepe, akanitandaza mikono, akapima kutoka ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole, akagawa kwa mbili na nusu. Ishirini na nne na nusu. Ndio mwisho wangu. Kisha akampima kinyozi: thelathini.

Kwa hiyo nina mikono mifupi. Miaka hamsini na nne na hakuna aliyenijulisha. Fundi anayenishonea mashati alikuwa anajua muda wote, mtu yule.

Fomu nimeichana.

Jumatano, 7 Mei

Nimesoma mahali kwamba viungo hunyooka vikivutwa. Nimening'inia kwenye fremu ya mlango wa jikoni dakika mbili, nikapumzika, nikaongeza mbili. Mama Pacha akaja na sufuria, akaniuliza kama nasubiri mtu. Nikamwambia napunga hewa. Akainama, akapita chini ya kwapa langu.

Nimejipima. Robo inchi imeongezeka! Nimejipima tena baada ya chakula. Imerudi.

Alhamisi, 8 Mei

Mwalimu katangaza mashindano madogo ya klabu, Jumamosi ya tarehe kumi na saba. Mishale thelathini na sita kila mtu, umbali wa mita kumi na nane. Kinyozi kajiandikisha kwa upinde wa ratili ishirini na sita. Ishirini na sita! Mwanamume mzima! Nikacheka kidogo, kwa sauti ya kutosha. Akapiga mishale sita, mitano ikaingia duara la manjano la katikati. Nikaacha kucheka. Mimi na 46 yangu tukapiga sita: miwili shabahani, mmoja kwenye shabaha ya jirani, mitatu inatafutwa.

Kinyozi hana kinyongo, ndilo linaloniudhi. Akakaa kando yangu anarekebisha upinde wake kwa ufunguo wa pembe sita. Kaeleza bila kuulizwa. Pale mikono miwili ya upinde inaposhikana na mpini kuna skrubu mbili, moja juu, moja chini. Ukizikaza, upinde unakuwa mzito kuvuta, ukizilegeza unakuwa mwepesi. Nikajifanya nalijua hilo siku nyingi.

Halafu Mama Pacha akaenda kujiandikisha. Hajawahi kupiga zaidi ya mishale ishirini kwa siku! Njiani nikamuuliza ana haraka ya nini. Tulipofika duka la vioo akasimama.

"Baba Pacha, tangu wanipasue, huu mkono nauona kama wa kuazima. Nikimaliza thelathini na sita nitajua umerudi kuwa wangu."

Nikataka kumbebea begi la upinde. Akaninyang'anya.

Nimepiga hesabu. Upinde wake umeandikwa 22. Yeye anavuta inchi ishirini na sita, kwa hiyo mkononi ni ratili ishirini. Mara thelathini na sita, ni ratili mia saba na ishirini. Ng'ombe mzima! Kwa bega lenye kovu la urefu wa kidole.

Jumamosi, 10 Mei

Mama Pacha alifanya mazoezi sebuleni kwa mpira wa kuvuta. Mimi nyuma ya gazeti, nahesabu. Kwenye kumi na tisa mkono ukaanza kutetemeka. Kwenye ishirini na mbili akaweka mpira mezani, akaketi, akawa anaangalia kiganja chake. Akakiangalia muda mrefu, kama barua iliyoandikwa kwa mwandiko mbaya. Baadaye akachukua kitana, kikamdondoka. Akaokota kwa mkono wa kushoto.

Sikuvumilia. Nikapata wazo, na naliandika hapa kwa unyenyekevu: ni wazo bora kuliko yote niliyowahi kupata.

Alipokwenda kwa jirani nikatoa upinde wake kwenye begi. Kwenye vifaa vyangu vya kazi nikachukua ufunguo wa pembe sita, ule mrefu. Nikalegeza skrubu ya juu, nikalegeza ya chini, sawa kwa sawa. Nikahesabu mizunguko, nikaiandika kiganjani ili nisisahau: 4 kila upande. Nikaufunga uzi, nikapima kwa mizani ya ofisi kwenye inchi zake ishirini na sita. Ratili kumi na nane na nusu. Moja na nusu imepungua! Mara thelathini na sita ni hamsini na nne. Nimembebea mke wangu ratili hamsini na nne, na hatajua milele.

Nimenakili hapa kabla sijanawa mikono: 4.

Jumapili, 11 Mei

Mambo mabaya.

Mishale yake yote ilitua kiganja kizima chini ya pale alipolenga. Yote! Kumbe upinde ukiwa mwepesi mshale unakwenda polepole, na mshale unaokwenda polepole unaanguka mapema. Hilo kinyozi hakulieleza! Na Mwalimu hakuwepo leo, ana mgonjwa nyumbani.

Na alikuwa anavuta vizuri. Mkono haukutetemeka. Alifika mshale wa ishirini na nane, hajawahi! Lakini yeye aliangalia mishale inakotua tu. Akalenga juu zaidi, ikatawanyika. Akakunja vitu vyake.

Njiani kaniambia bega linarudi nyuma. Kasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema mkate umekwisha. Nikamwambia labda ni upepo. Akanikumbusha kwamba tulikuwa ndani ya ghala.

Jioni hakutaka nimsuke. Kajifunga kitambaa.

Jumatatu, 12 Mei

Nimerekebisha. Alipokuwa anaoga nilitoa upinde, nikafungua shajara hii, nikasoma: 4. Ufunguo mrefu sijauona, nikatumia ule mfupi. Nimekaza mara nne juu, mara nne chini. Kazi safi, haikufika dakika tano. Sikuwa na nafasi ya kupima, lakini ya nini? Hesabu ni hesabu. Kesho mishale itapanda mahali pake, atafurahi, na mimi nitanyamaza kwa heshima.

Jumanne, 13 Mei

Mishale imepanda. Imepitiliza. Kiganja kizima juu! Na kufika mshale wa kumi na tano mkono wake ulikuwa umekufa kabisa, unaning'inia kama taulo.

Nimejua kosa nikiwa nimesimama pale pale. Ufunguo mrefu ulikuwa unagonga mpini kila nusu mzunguko, nauchomoa, nauchomeka upya. Kumbe Jumamosi nilihesabu nusu. Nne zangu zilikuwa mbili! Jana, kwa ufunguo mfupi, nimezungusha nne kamili. Nimemtwika mwanamke mgonjwa zaidi ya alivyokuwa amebeba mwanzo. Mkaguzi wa vipimo. Miaka ishirini na sita.

Nikajipa moyo kwamba nitalegeza tena nyumbani. Lakini hakurudi na upinde. Kauacha ghalani. Kasema hauna haja ya kubebwa kwenda na kurudi.

Baada ya chakula, akiwa anamenya viazi, amenipa mgongo, kaniambia hatashindana. Alhamisi nimpelekee Mwalimu salamu, jina lake lifutwe. Ndoo ya maganda ilikuwa imejaa. Nikaenda kuimwaga, nikasimama huko nje muda mrefu kuliko inavyotakiwa kumwaga maganda.

Alhamisi, 15 Mei

Niliwahi ghalani nusu saa kabla ya watu, ufunguo mfukoni. Nikamkuta Mwalimu tayari, upinde wa Mama Pacha mikononi, ameupachika kwenye mizani. Anasema Jumanne aliona mishale ikiruka juu na hakuamini kwamba ni bega. Mtu mwenye bega baya mishale yake haiendi juu. Akapima kwenye inchi zake ishirini na sita: ishirini na moja na nusu, badala ya ishirini. Kuna mtu, akasema, amezungusha skrubu hizi.

Watu wakaingia mmoja mmoja, naye akamuuliza kila mmoja. Hatimaye macho yote kwa kinyozi. Yeye ndiye mwenye kutembea na ufunguo siku zote. Kinyozi akasema hakumbuki kugusa upinde wa Mama Pacha, lakini kama aliugusa kwa bahati mbaya, anaomba radhi. Anaomba radhi! Kwa kosa langu! Ufunguo ukanichoma paja. Nikafungua mdomo.

Nikasema leo kuna joto.

Mwalimu akarudisha skrubu mahali pake na akazipiga alama ya rangi. Salamu za kufuta jina sikuzitoa. Angalau hilo.

Kinyozi akanisindikiza mpaka kona. Aliniuliza hali ya bega, na aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Akaniambia zamani alikuwa anavuta upinde wa hamsini, kwa sifa tu, mpaka msuli wa mgongo ukachanika, akakaa mwaka mzima bila kuweza kunyanyua mkasi. Akaanza upya na upinde wa watoto, ratili kumi na mbili. Ndiyo maana sasa hapiti ishirini na sita. Halafu akacheka peke yake. Kasema kabla hajaniona alidhani mimi ni mtu mrefu sana. Nikamuuliza kwa nini.

"Mama Pacha kila sentensi anakutaja wewe, mzee. Baba Pacha kasema hivi, Baba Pacha kanisuka. Mimi nikajua atakuja jitu hapa."

Sikula leo. Nimesema tumbo.

Ijumaa, 16 Mei

Asubuhi, dirishani, zipu. Ratiba yake ilikuwa fupi. Hakuwa na pa kwenda. Nilipofika katikati ya mgongo nikasimama.

"Imekwama?"

"Haijakwama. Nina neno."

"Sema."

"Bega lako halina kosa. Ni mimi. Nililegeza skrubu za upinde wako uwe mwepesi, halafu nikazikaza kupita kiasi. Mishale ya chini ni mimi. Ya juu ni mimi."

Chini barabarani mtu alikuwa anaburuta geti. Likafungwa.

"Kwa nini, Baba Pacha?"

"Nilikuona umekaa unaangalia kiganja. Nikataka nikupunguzie kidogo tu."

Hakugeuka. "Siku ile ya mishale ya chini nilifika wa ngapi?"

"Ishirini na nane."

"Ulihesabu?"

"Nahesabu yote."

Hapo akageuka. Akanipiga kifuani. "Siku tano! Siku tano nauaga mkono wangu! Nikiosha vyombo nauaga, nikilala nauaga, na wewe uko kando yangu unasoma gazeti!" Akanipiga tena, machozi yanamtoka. Mkono wa kulia, mara zote mbili. Nilijua si wakati wa kulisema hilo. Nikalisema. Nikamwambia pigo la pili lilikuwa na ratili kama kumi na tano, safi kabisa.

Akacheka huku analia, jambo ambalo sijawahi kuliona likifanywa vizuri vile. Halafu akapeleka mkono nyuma ya mgongo, akaishika zipu, akaipandisha mpaka juu. Mara moja. Zrrip.

Nikabaki na mikono hewani.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu mwezi uliopita."

"Sasa mbona..."

"Unavuta polepole," akasema. "Na hizo dakika huwa hunikatizi. Ningekuambia vipi?"

Nikaketi kitandani. Akaketi kando yangu. Tukakaa hivyo mpaka nikachelewa kazini, mara ya kwanza tangu pacha walipozaliwa.

Ametoa masharti matatu. Nikaungame kwa Mwalimu na kwa kinyozi leo leo. Nisiguse tena kitu chake bila kumwambia. Na kesho nipige kwa upinde wa ratili ishirini, bila ubishi. Nimekubali yote.

Mwalimu alinisikiliza, akasema alijua tangu niliposema kuna joto. Kinyozi nilimkuta anamnyoa mteja. Nikaungama mbele ya mteja. Kinyozi alicheka mpaka akaweka wembe chini kwa usalama wa mtu yule. Akaniketisha, akaninyoa mwenyewe. Amenitengeneza vizuri mno, nimeonekana kijana. Inauma.

Jumamosi, 17 Mei

Sijui nianzie wapi.

Naanza na mimi, kwa kuwa ni fupi. Upinde wa 20, ambao kwa mikono yangu ni kama kumi na saba. Nikavuta, uzi ukaja mpaka kidevuni, ukatulia pale! Nikapata hata nafasi ya kulenga. Sikujua kwamba kuna nafasi ya kulenga. Mishale thelathini na miwili shabahani, minne ukutani, na hakuna mtu aliyeinama.

Sasa yeye. Alikuwa mstari wa pili kutoka kwangu. Ratili ishirini kamili, skrubu kwenye alama ya rangi, nimeona kwa macho na sikugusa. Mpaka mshale wa kumi na nane hakuna shida. Wa ishirini na nne akashusha upinde, akapumua, akanyanyua tena. Wa ishirini na tisa mkono ukaanza. Niliuona ukitetemeka na nikaacha kupiga mishale yangu mwenyewe. Mwalimu akaniashiria niangalie mbele. Sikuangalia mbele.

Wa thelathini na mbili ulipiga ukingoni kabisa. Akauvuta wa thelathini na tatu, akaurudisha bila kuuachia, kwa sababu haukuwa tayari. Akatikisa vidole. Akatazama sakafu. Hata kinyozi aliyekuwa amemaliza alikuwa ameshika kofia yake kifuani. Nilitamani kumwambia asubiri nimshikie. Lakini cha kushika kilikuwa hakipo. Mzigo ule uko ndani ya uzi, na uzi unavutwa na mtu mmoja.

Thelathini na tatu. Nne. Tano.

Wa mwisho aliuvuta taratibu sana, mabega yakafunguka kama mtu anayefungua kabati kubwa, ukatulia kidevuni, ukatetemeka, ukatulia. Akaachia. Duara jekundu. Si katikati, kando kidogo. Watu wakapiga kelele.

Yeye hakupiga kelele. Akaweka upinde chini, akakunja kiganja, akakikunjua. Halafu akapita kwenye ule mstari mwingine mpaka kwangu, akaniwekea mkono ule nyuma ya shingo, wa moto na umelowa jasho.

"Wangu," akasema.

Sikuuliza kama ni mkono au ni mimi.

Kinyozi kawa wa kwanza. Nilipiga makofi ya kweli, karibu yote. Mama Pacha kawa wa tisa kati ya watu kumi na wanne. Mimi wa kumi na tatu. Wa kumi na nne aliondoka mapema, tumbo lilimsumbua.

Jumapili, 18 Mei

Nimejifunza mengi wiki hizi mbili. Naandika hapa ili yasipotee. Kila mtu ana uzito wake. Kila mtu ajivutie mwenyewe. Mume mwenye busara haongezi wala hapunguzi mzigo wa mwenzake kwa siri. Nimesoma mistari hii mara mbili, ni mizuri sana.

Sasa, Mama Pacha amekwenda kumtembelea dada yake, na mimi nimekaa nikakumbuka kwamba daktari wa mazoezi alisema bega likipata nguvu ya kuvuta, linafuata zoezi la kunyanyua mkono juu ya kichwa. Mara nyingi kwa siku. Yeye hilo halifanyi, anasema linamchosha akili. Nimetafakari. Mtu hawezi kuchoka akili kwa zoezi asilojua kwamba analifanya!

Nimehamisha kopo la majani ya chai, la sukari, na vikombe vyote, kutoka rafu ya kati kwenda rafu ya juu kabisa. Tunakunywa chai mara nne kwa siku. Majani, sukari, vikombe viwili: safari kumi na sita za mkono bila daktari! Hatagundua. Nitasema ni kwa ajili ya mende. Na ili asishawishike kupanda juu ya stuli, baada ya kumaliza nimempelekea jirani stuli yetu aitumie mpaka mwisho wa mwezi. Jirani huyo naye kafunga mlango, katoka.

Nimerudi jikoni, maji yamechemka. Nikanyoosha mkono. Nikasimama kwa ncha za vidole vya miguu. Nikanyoosha tena.

Nimekunywa maji ya moto, kwenye bakuli. Si mabaya.